Mjomba wa Chumba Namba Sita Anakabidhi Jumanne Yake

Ijumaa hii, tarehe thelathini, mwenzetu tunayemwita Mjomba anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika hospitali yetu. Ninayeandika ndiye niliyeteuliwa kushika nafasi yake. Wengi wenu mnanijua kwa dirisha la mapokezi, na nasikia mmejiuliza kwa nini mimi. Nimeagizwa niandike kwa furaha. Najitahidi, ila tangu Jumatatu nimechana rasimu tatu.

Mjomba aliingia hapa kwa mlango wa wagonjwa. Akiwa na miaka ishirini na mbili alikuwa anavuta bangi asubuhi na jioni, na redio iliyozimwa ilikuwa inamwita kwa jina. Ilimchukua miaka saba kusimama vizuri. Kisha akaomba kazi, akapewa ufagio. Alifagia wodi miaka kumi na miwili, mpaka wauguzi wakagundua kwamba vijana wanaomnunia daktari wanapiga soga na mfagiaji. Kitengo cha vijana kilipoanzishwa, akawa mshauri rika wetu wa kwanza: mtu aliyepita kwenye ugonjwa huo na ulevi huo, anayekaa na wanaoupitia sasa.

Kikundi chake hukutana kila Jumanne saa nne, chumba namba sita, kwenye viti vya plastiki, karibu na dirisha lisilofunga. Vijana humtania, hili ni rika gani lenye mvi na miwani ya kamba. Yeye hujibu kwamba wao ni rika la kusikia sauti, umri waachie shule. Daktari mmoja aliwahi kuomba kuhudhuria. Kikao kilipokwisha Mjomba alimwonyesha kikaratasi alichokuwa anachora vistari: daktari ameuliza maswali kumi na saba ndani ya dakika tano. Siku hizi daktari yule akija huleta biskuti na kufunga mdomo.

Asingependa niliruke lile la miaka tisa iliyopita. Kijana mmoja alimnong'oneza kwamba dawa anazitupa chooni na kuvuta amerudia, akamwapisha asimwambie mtu. Mjomba, aliyeonja kuchongewa kwa wakubwa alipokuwa mgonjwa wodini, akanyamaza. Kijana akapotea siku sita. Alipatikana kwenye jengo lisilokamilika, mguu umevunjika, lakini hai. Mjomba mwenyewe ndiye aliyesimama kwenye kikao cha wafanyakazi na kueleza yote, bila kujitetea. Tangu hapo kila kijana mpya huyasikia maneno haya kabla hajaketi: "Siri yako naitunza. Ikitaka kukuua nitaisema, na nitakwambia wewe kwanza." Wengine huondoka palepale. Wengi hurudi.

Sasa niseme kinachoninyima raha. Kuna binti wa miaka kumi na tisa, mama yake ni fundi cherehani. Mama ameturuhusu tuandike haya, na binti hakukataa. Miezi mitano iliyopita alianza kusikia majirani wakimsengenya ndani ya ukuta. Akavuta bangi ili wanyamaze, ndio kwanza wakazidi. Katika kitengo kizima anaongea na Mjomba tu. Alipopata habari kwamba anastaafu, Jumanne mbili hakuonekana.

Wiki iliyopita tulimfuata kibandani kwa mama yake. Alikuwa nyuma ya pazia la kujaribia nguo na hakutoka. Mjomba akaketi kwenye benchi, akakunja mikono. Nilimwangalia aniokoe, akajifanya anasoma futi ya kupimia. Basi nikaliambia pazia jambo nililowaficha ninyi nyote miaka yangu yote ya mapokezi, ambalo Mjomba peke yake alilijua: kwamba nami nililazwa nikiwa na miaka ishirini na nne, nikisikia watu wasiokuwepo, na kwamba chupa nilikuwa naificha ndani ya buti la mvua. Cherehani ikasimama. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia:

"Na wewe utastaafu lini?"

Nikapiga hesabu, nikamjibu: miaka ishirini na sita ijayo. Cherehani ikaanza tena.

Tulipokuwa tunarudi, Mjomba alikiri kwamba binti aliwahi kumwomba namba yake ya nyumbani naye akamnyima, na kwamba hajafanya jambo gumu kuliko hilo tangu aache bangi. Alisema anaogopa kuliko mimi. Sikuamini, lakini nilishukuru.

Mpaka taarifa hii inachapwa, binti hajatuambia kama atarudi kikundini. Kikao kijacho ni Jumanne, na kitakuwa cha kwanza bila Mjomba.

Mjomba, asante kwa ufagio, kwa ukweli wako mbele ya kikao, na kwa kunyamaza kwako kwenye lile benchi. Maisha yakunyookee, na usingizi uwe mzito. Najua Jumanne ikifika saa nne miguu yako itataka kuja yenyewe. Tafadhali, baki nyumbani. Yule binti akija, lazima anikute mimi.