Unga Uliokufa kwa Usafi

Mimi Cida nauza kahawa ya chupa nje ya geti la maabara, na sukari nimeshatia humo humo. Asiyeitaka akanywe kwao. Benchi langu lina wenyewe. Yupo Osmar, mstaafu wa kiwanda cha sukari, tunamwita Tanuri kwa sababu alichochea tanuri maisha yake yote na hadi leo hajapoa. Yupo Benedito, fundi wa maabara, tunamwita Sabuni: huyo hata kikombe changu anakisuuza upya kabla hajanywa, kunitukana. Na yupo Valdirene, anayesomea udaktari wa kemia tangu sijui lini. Huyo ni Daktari Bado. Mashine yao inakula spiriti ya miwa na mvuke, inatoa haidrojeni ya kuendeshea basi, na kazi hiyo inafanywa na unga wa madini ya kobalti. Miaka yote unga huo ulikuwa unajaa masizi na kufa siku hiyo hiyo. Mwezi uliopita wakatengeneza mmoja ukadumu wiki nzima. Ijumaa hii wageni wa kiwanda wanakuja kuuona ukifanya kazi. Wasipouona, maabara inafungwa. Leo Jumanne Valdirene katoka getini uso hauna damu, akakaa bila kuomba kahawa.

— Umekufa, akasema.

— Nani?

— Unga. Ule mpya tuliowatengenezea wageni. Umejaa masizi kabla sijavua koti.

Sabuni akabaki na kikombe mdomoni.

— Haiwezekani. Ule niliuosha mwenyewe, kutwa nzima.

— Basi ni spiriti, Tanuri akadakia. Miwa ya siku hizi inakatwa kwa mashine, haichomwi. Muwa usioonja moto hauna adabu. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Mzee Osmar, hiyo methali inaingiaje hapo? Sabuni akauliza.

— Inaingia. Wewe kunywa kahawa.

— Spiriti ni ya pipa lile lile, Valdirene akasema.

— Basi mashine ina wivu. Mwezi jana kasifiwa Sabuni, yenyewe haikutajwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Loh.

— Au humo ndani kuna anayetafuta mume, kaigeuza sanamu ya Mtakatifu Antonio kichwa chini ili ampatie, na mtakatifu kawakasirikia wote. Daktari, sema kweli.

— Antonio wangu yuko kwa mama, na amesimama wima.

Mimi nilikuwa namtazama Sabuni. Alikuwa amechukua kikombe cha Tanuri kwa kupitiwa, akanywa na machicha.

— Benedito, una nini wewe?

— Sina kitu, dada Cida.

— Huna kitu na umenywea kikombe cha Tanuri?

Akakitazama kile kikombe, kisha akakiweka chini.

— Ule wa mwezi jana sikuuosha, akasema. Niliuosha nusu.

Tanuri akaacha wahenga wake, akamsogelea asikie. Hilo sijawahi kuliona.

— Unga tunautengeneza kwa magadi, Sabuni akaendelea. Halafu tunautia kwenye chujio, tunafungulia maji yapite juu yake mchana kutwa mpaka magadi yaishe. Siku ile ilikuwa fainali ya mtaa, binti yangu Jaciara ndiye kipa. Nikajiambia, nikisikia fataki za bao la kwanza nafunga bomba. Nikazisikia, nikafunga, nikakimbilia uwanjani.

— Na keki uliyopewa ya kukupongeza unga ulipodumu ukala, nikamwambia.

— Niliila. Ilinikaa kooni.

Valdirene alikuwa amejishika kichwa.

— Magadi, akasema polepole. Ule udongo unaobeba kobalti ndani ya unga una ukali, na ukali ndio unaozaa masizi. Magadi kidogo yakibaki yanautuliza. Benedito, miaka yote hii tulikuwa tunauosha uhai wake.

Huyu mtu kanisuuzia vikombe miaka na miaka kwa dharau, kumbe mkono ule ule ndio uliokuwa unauua unga.

— Sasa shida iko wapi? Tanuri akauliza. Nina mfuko mzima wa magadi nyumbani. Umwageni wote.

— Yakizidi yanaifunika kobalti, unga unalala kabisa. Lazima yawe kiasi cha siku ile. Na muda uliobaki ni wa kutengeneza unga mmoja tu. Tungepata hata kijiko cha ule wa kwanza tukaupima.

— Niliutupa, Sabuni akasema. Nilisugua mashine yote kwa ajili ya wageni.

Hakuna aliyemlaumu. Macho yake yalikuwa yamelowa.

Mwanamke mmoja, mgeni kwetu, alikuwa amesimama hapo akisubiri basi. Akanisogelea.

— Samahanini. Hilo bao lilifungwa dakika ya ngapi? Mkiijua, mtajua maji yalipita muda gani.

— Ya kumi, Tanuri akasema. Kona.

— Kona ipi? Sabuni akasema. Jaciara aliniambia penalti, karibu na mapumziko.

— Mwamuzi je? mgeni akauliza.

— Mwamuzi hakuwa na saa, Tanuri akajibu. Alikuwa anakisia kwa kivuli cha nguzo.

Watu hawa wanabishana mpira kila siku ya Mungu mpaka natamani kuwamwagia maji. Valdirene akawatazama mmoja mmoja, wakainamisha vichwa. Akanigeukia mimi, maana siku ile nilikuwa uwanjani nauza. Nilizisikia zile fataki kweli, lakini nilikuwa nimeupa uwanja mgongo, namimina kahawa; dakika sikuijua.

Ndipo Valdirene akanyoosha kikombe. Nikainamisha chupa, haikutoa kitu.