Mama Kivuli Anastaafu, Kuta Zetu Zipumue

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kupiga picha, kuziuza na kufundisha wengine kuzipiga, mpigapicha mkuu wa kituo chetu cha sanaa, ambaye sote tunamwita Mama Kivuli, atastaafu rasmi siku ya mwisho ya mwezi huu. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, fundi wa fremu, niandike wasifu wake, kwa kuwa vyumba vyetu vya kazi vinatenganishwa na ukuta mmoja tu. Naomba radhi mapema. Ndugu mhariri wa jarida letu ameagiza maneno matamu, nami nitajitahidi. Lakini mtu aliyekaa jirani na Mama Kivuli muda wote huo hawezi kuandika asali tupu bila kutaja na nyuki.

Aliajiriwa kusafisha picha katika chumba cha giza, kazi ya kunusa dawa kutwa na kurudi nyumbani na vidole vya kahawia. Akapanda hadi kuwa mpigapicha, kisha mwalimu wa warsha. Alipiga maharusi, mahafali, madaraja yaliyokamilika na yale yaliyozinduliwa kabla ya kukamilika. Kuhusu ubora wa kazi yake sina neno. Neno langu, kwa heshima zote, linahusu uuzaji.

Kwingineko mteja huchagua picha, hulipa, hufungiwa, huenda zake. Kwa Mama Kivuli mteja huhojiwa kama mposaji. Itatundikwa chumba gani? Dirisha linatazama wapi? Birika la chai linachemkia wapi? Akijibu vibaya, picha hurudi kwenye droo. Akijibu vizuri, Mama Kivuli humfuata nyumbani, pimamaji ya fundi uashi, ya kuhakikisha fremu haikupinda, ikiwa ndani ya mkoba wake, na akikuta jua linaigusa picha, huishusha, huikumbatia na kurudi nayo, fedha za mteja akiziacha mezani. Bwana mmoja alinijia akilalamika, "Mzee wangu, hivi nimenunua picha au nimeoa?" Nilikuwa nimeipokea tena fremu yake asubuhi ileile.

Warsha zake nazo zilikuwa mtihani wa subira. Wanafunzi hufika na kamera mpya shingoni. Yeye huzifungia kabatini, humpa kila mmoja kiti, na kumwamuru akae mbele ya ukuta atazame mwanga unavyotembea tangu asubuhi hadi jioni. "Mama, ukuta wenyewe hausogei!" kijana mmoja alilia. "Wewe tulia," akamjibu, "utasogea." Manung'uniko yao yalipenya hadi kwangu, nami, Mungu anisamehe, nilikuwa upande wao.

Msimu huu wa mwisho ndio uliotumaliza. Uongozi ulitangaza kwamba akishaondoka, chumba cha giza na darasa lake vitageuzwa stoo ya viti, isipokuwa maonyesho yake ya kuaga yauze vya kutosha kuthibitisha kwamba kazi hiyo bado ina watu. Tulielewa sote. Nilipiga randa na kukata vioo hadi viganja vikaota sugu.

Siku ya kwanza tu, akaingia bibi mmoja mwenye zahanati, akatangaza kwamba anazitaka picha zote kwa ajili ya korido yake mpya. Mhasibu wetu alitabasamu, jambo ambalo hatujalizoea. Mama Kivuli akauliza kama korido hiyo ina madirisha. "Vioo vitupu upande mzima wa magharibi, dada yangu, panang'aa hadi raha!" akajibu yule bibi kwa fahari. "Basi siuzi," akasema Mama Kivuli, akaenda kunywa chai.

Nakiri nilipandisha sauti mbele ya wageni. "Mama, unaibomoa nyumba yako mwenyewe!" Naye, kwa upole unaokera kuliko matusi, akanijibu, "Nyumba ikibomoka hujengwa, shemeji. Picha ikipauka, imepauka." Huniita shemeji tangu enzi za marehemu mke wangu, ambaye alikuwa kwake kama dada. Mwenye zahanati aliondoka amefura, nasi tukaanza kujadili mahali pa kupanga viti.

Kesho yake wanafunzi hawakuonekana, wala viti vyao. Kufika mchana, mwenye zahanati akapiga simu: "Njooni mchukue watu wenu! Wamekaa wanakodolea kuta zangu macho, wagonjwa wanadhani ni wakaguzi!" Hakuna aliyewatuma. Wale wale walionung'unika walikuwa wamebeba viti wenyewe, na hadi jioni walikuwa wameupata ukuta wa wodi ya ndani, ulio mkabala na vitanda, usioguswa na jua saa yoyote. Walimkalisha mwenye zahanati kwenye kitanda kitupu atazame. Alikuwa amewawazia wapita njia wa koridoni. Akawawazia sasa wagonjwa walalao hapo. Akanunua zote. Mama Kivuli alikwenda na pimamaji yake, bila shaka, akatung'olesha misumari yote ya safu ya kwanza.

Chumba cha giza kimebaki chumba cha giza. Ufunguo atakabidhiwa kijana yule aliyesema ukuta hausogei, na nasikia naye ameshanunua pimamaji. Nimeomba kuhamishiwa upande wa pili wa jengo, sijajibiwa.

Mniwie radhi kwa neno moja la nyumbani. Mke wangu alipofariki, Mama Kivuli aliisafisha picha yake na kuja kuitundika mwenyewe. Nilitaka ikae sebuleni, karibu na dirisha, wageni waione. Akakataa, akaiweka ukutani kando ya mlango wa jikoni. Nilikasirika mwaka mzima. Picha yetu ya arusi niliitundika mimi, kwa hekima yangu, pale dirishani; leo bwana na bibi arusi wote wawili wamekuwa mvuke. Lakini pale mlangoni nywele za mke wangu zingali nyeusi, na kishimo cha shavuni hunisalimu kila nibandikapo maji ya chai.

Asante, Mama Kivuli, kwa kutuchosha. Tunakutakia mapumziko mema, afya njema na jua la kuota wewe, si picha zako. Ukipata nafasi pita nyumbani, shemeji, na pimamaji yako. Msumari wa pale mlangoni umelegea kidogo, nami sijathubutu kuugusa.