Ugonjwa Nilioupata kwa Kusikia

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Asifiwe kwa maneno ya kweli tu, kwa maana matendo yake hayahitaji kutiwa chumvi na mtu yeyote. Wengi wenu mnanifahamu kuwa mzee mkali, nisiyependa kusimuliwa jambo ambalo msimuliaji hakuliona. Mchungaji ameniomba zaidi ya mara moja niandike ushuhuda huu, nami nimechelewa kwa sababu nilitaka kwanza kutenganisha niliyoyaona na niliyoyadhani. Nitawaeleza niliyoyaona. Niliyoyadhani nitayataja pia, maana hayo ndiyo yaliyokaribia kuniua.

Nilizaliwa Endabash, katika nyumba ya mkulima, na kwa neema ya Mungu nilisoma kuliko wengi wa rika langu. Baadaye nilifundishwa kazi ya mifugo, na mwaka 1959 nikapangiwa kituo cha Karatu kama msaidizi. Kazi yetu ilikuwa kupanda Ngorongoro na kuchanja ng'ombe wa Wamasai dhidi ya sotoka. Ninyi vijana hamkuiona sotoka, na mshukuru. Ng'ombe hutokwa machozi kwanza. Kisha mdomo wake hujaa vidonda, akaacha kula. Kisha huharisha, na baada ya hapo huanguka. Mpangilio huo niliuandika mwenyewe katika daftari la mafunzo, nikaukariri, nikafaulu. Nilijivunia sana elimu hiyo.

Mwaka uliofuata Uhuru tulikuwa Kakesio. Wenye ng'ombe walikuwa wamejenga njia nyembamba ya nguzo, na ng'ombe walipita mmoja mmoja mbele yangu. Nilikuwa na bomba la sindano mkononi tangu asubuhi. Mtamba mmoja mwekundu akaruka, nguzo ikanibana, na sindano iliyokuwa imejaa dawa ya chanjo ikaingia katika nyama ya chini ya kidole gumba changu cha kushoto.

Mwenzangu kazini, Bwana Gwandu, alikuwa mtu mzima aliyefanya kazi ile kabla yangu. Alipenda kunitania kwa ajili ya vitabu vyangu.

"Umejichoma, Msomi?"

"Kidogo tu. Sotoka haimshiki binadamu."

"Ndivyo alivyosema Lekishon."

"Lekishon yupi?"

"Wa hapa hapa Kakesio. Tulimwajiri atushikie ng'ombe pembe. Sindano ilimwingia mkononi vivyo hivyo. Akahamia Malambo, na hakumaliza miezi mitatu. Wanasema alikufa kama ng'ombe, machozi yakimtoka."

Ndugu zangu, Gwandu hakuwa mtu mbaya, na hata leo sina neno naye. Alinipa alichopewa. Nami nilicheka, nikafuta damu, nikaendelea kuchanja. Lakini jioni, tulipokaribishwa maziwa katika boma la kaka yake Lekishon, sikuweza kujizuia. Nikamwuliza mzee yule habari za mdogo wake, nikamtaja kwa jina.

Mzee akaweka kibuyu chini. Wanawake waliokuwa wakiongea nyuma yake wakanyamaza.

"Bwana Ng'ombe," akaniambia, maana ndivyo walivyotuita, "jina hilo halitajwi hapa."

Nilijua maana yake. Kwa Wamasai, mtu akifa, jamaa zake hawalitamki tena jina lake. Wala enzi zile hawakuwa na desturi ya kumchimbia kaburi kila mtu, hata mgeni aseme nionyesheni alipolala. Ukimya ule niliojibiwa niliuchukua kuwa cheti cha kifo. Nikatoka pale nikihesabu miezi mitatu.

Sasa sikilizeni jambo ambalo mpaka leo huniogopesha. Wiki ya pili macho yangu yakaanza kutoa maji. Nilijiambia ni vumbi. Wiki ya nne mdomo ukakauka, na ndani ya shavu vikatokea vidonda viwili, kisha vitatu, chakula kikawa adui yangu. Kisha tumbo likaanza kuharisha. Machozi, mdomo, tumbo. Mwili wangu ulikuwa unalisoma daftari langu, ukurasa kwa ukurasa, bila kuruka mstari. Mkanda wa suruali niliutoboa tundu jipya, kisha jingine. Usingizi uliniacha. Moyo ulikwenda mbio hata nikiwa nimekaa kitini.

Nilikwenda hospitali ya misheni. Daktari alinipima damu, kifua, choo, na akanirudisha mara ya pili ili apime tena. Akaniambia kwa upole, "Sioni ugonjwa unaoweza kukukondesha hivi. Je, kuna jambo linalokusumbua?" Nikajibu hakuna. Niliona aibu kumwambia daktari kwamba mimi, mtu wa mifugo, ninakufa kwa sotoka. Nikachukua dawa za tumbo alizonipa na nikarudi nyumbani nikiamini kwamba ameficha.

Mke wangu, Mama Paulina, alikuwa na mimba ya mtoto wetu wa pili. Sikumwambia neno. Lakini nilianza kumwonyesha mipaka ya shamba, nikamtajia ndugu yangu atakayemlimia, nikampa ufunguo wa sanduku. Siku moja mchana, akiwa anachambua maharage, akaacha kazi akanitazama.

"Baba Paulina, unahama?"

"Kwa nini?"

"Mtu anayegawa ufunguo ama anahama ama anaoa. Na kwa mwili huo, wa kuolewa nawe simwoni."

Hapo nikashindwa. Nikamweleza yote, sindano, Lekishon, Malambo, miezi mitatu ambayo zilikuwa zimebaki wiki tatu tu. Nilitegemea alie. Hakulia. Alisogeza ungo pembeni.

"Nani alimwona akifa?"

"Watu wanasema."

"Watu gani?"

"Mama Paulina, habari hizi zinajulikana."

"Mtoto wako akikuambia 'watu wanasema', unamsimamisha hapo mlangoni na kumwambia nitajie mmoja. Juzi ulimliza kwa ajili hiyo. Haya, mume wangu. Nitajie mmoja."

Ndugu zangu, sikuwa na hata mmoja. Gwandu hakumwona. Kaka yake hakusema kwamba alimwona. Mimi niliyekuwa nikiwakemea wengine nilikuwa nimeuweka uhai wangu wote juu ya kitu ambacho nisingekiruhusu kiandikwe katika taarifa ya ng'ombe mmoja.

Nilikwenda nyuma ya nyumba, nikapiga magoti kwenye mabua ya mahindi. Kwa miezi miwili nilikuwa nimeomba uzima na nimezidi kudhoofu. Siku ile niliomba jambo jingine. Nilisema, Bwana, kama nakufa, nife nikiwa najua. Nionyeshe kweli, hata ikiwa ni mbaya. Nilipoinuka sikusikia sauti wala sikuona nuru. Nilipata nguvu ya kutembea tu, nami nikaitumia kabla haijaisha.

Mkubwa wangu wa kazi aliniruhusu kupanda lori lililokuwa likienda Olbalbal. Tulipofika ukingoni mwa kreta dereva alisimama kupoza injini, nami nikashuka. Nilikuwa nimepita pale kila mwezi kwa miaka mitatu nikiwa natazama saa yangu. Safari ile nilitazama chini. Wingu lilikuwa likimwagika polepole kutoka ukingo wa mashariki kama maziwa yanayofurika chunguni, na chini kabisa makundi ya nyumbu yalikuwa madoa tu, yakienda yanakokwenda. Niliwaza kwamba aliyeviumba hivi bila kuniuliza shauri, huenda hesabu yake ya siku zangu haifanani na ya Gwandu.

Kutoka Olbalbal nilitembea siku mbili na wazee wawili waliokuwa wakipeleka punda Malambo. Walinisubiri kila nilipokaa chini, na nilikaa mara nyingi. Siku ya pili, kwa mbali, ukaonekana Lengai, ambao wao huuita Mlima wa Mungu, umesimama peke yake na kilele cheupe. Mmoja wa wazee akasimama akiuelekea, ndipo tukaendelea. Nami nilivua kofia.

Tulipofika Malambo sikuthubutu kutaja jina, nisije nikawaudhi wenyeji. Nikamwuliza mama mmoja aliyekuwa akikandika ukuta kwa samadi kama aliwahi kuishi hapo mtu aliyetoka Kakesio.

"Yule mwenye kelele?" akauliza, akaelekeza kwa mkono wenye tope. "Ni mume wangu. Yule kule, anagombana na punda."

Nikamwendea mtu huyo. Alikuwa mrefu, mwenye lubega nyekundu, na kweli alikuwa akimtukana punda kwa lugha mbili. Nikamsalimu, "Sopa." Akaitika, "Epa," akanitazama kuanzia viatu hadi kofia.

"Wewe ni Bwana Ng'ombe," akasema. "Nakijua kiatu hicho. Mbona umekonda hivi? Serikali mpya haiwalishi?"

"Nimemfuata mtu anayeitwa Lekishon."

"Umempata."

Nilikaa chini palepale, penye kinyesi cha punda, katika suruali ya kazi. Nikamwambia nilichoambiwa, kwamba alichomwa sindano, kwamba hakumaliza miezi mitatu. Akasikiliza hadi mwisho kwa heshima kubwa. Kisha akamgeukia mkewe.

"Mama Naserian, nimekufa lini?"

"Ungekufa ningepumzika," mama akajibu bila kuacha kukandika.

Lekishon akacheka mpaka punda akaondoka. Akanionyesha mkono wake. Hata kovu halikuonekana. Alisema alichomwa zaidi ya mara moja, na hakuna lililompata. Ila alipofika Malambo alishikwa na homa ya wakati wa mvua, na wapita njia wa Kakesio walimkuta amelala chini ya blanketi, haongei. Waliondoka kabla hajafumbua macho.

"Na kwenu," nikamwambia, "jina lako halitajwi."

Kicheko chake kikakatika. "Kumbe ni hivyo," akasema. "Tuligombana na kaka yangu kuhusu mtamba, ndipo nikahama. Watu wa Kakesio wanapita hapa, wanakunywa maziwa kwa jirani, hakuna anayeniulizia. Nikasema, kaka bado ana hasira."

Ndivyo ilivyokuwa. Jina halikutajwa, kwa hiyo hakuna aliyeuliza. Hakuna aliyeuliza, kwa hiyo hakuna aliyesahihishwa. Uongo ule ulikaa miaka minne katika heshima kamili, bila mtu hata mmoja kuwa amedanganya.

Mama Naserian aliniletea maziwa mgando. Niliyanywa yote. Nikaomba mengine, nikayanywa, na nikaona haya kuomba mara ya tatu, akayaleta mwenyewe. Nilihisi njaa, ndugu zangu, njaa halisi ya mtu mzima, ambayo nilikuwa nimeisahau. Usiku ule nililala kama mtoto. Asubuhi macho yalikuwa makavu. Vidonda vya mdomoni vilifunga kabla sijarudi Karatu, na nilivichunguza kila siku kwa kioo kidogo cha kunyolea, kwa maana sikutaka kujidanganya. Tumbo lilitulia. Sikunywa dawa yoyote safarini.

Hapa ndipo huwa naishiwa maneno. Sindano ilikuwa ile ile. Mkono ulikuwa ule ule. Dawa iliyoingia katika nyama yangu haikutolewa. Kilichoondolewa ni sentensi moja tu niliyokuwa nikiiamini, na mwili mzima ukaitii kweli upesi kuliko ulivyoutii uongo. Ni nani aliyetuumba hivi? Ni nani aliyeunganisha sikio na tumbo, wazo na damu, kwa uzi mwembamba namna hii ambao hakuna daktari anayeweza kuupima? Nilisoma miili ya ng'ombe kwa miaka, na sikuwa nimewahi kuutazama mwili wangu kwa hofu na heshima kama niliyoipata Malambo.

Safari ya kazi iliyofuata nilikwenda Kakesio. Nikamwambia yule mzee habari za mdogo wake. Aliniuliza swali moja, mara tatu. "Umemwona?" Mara zote tatu nikajibu, "Nimemwona kwa macho yangu, na amesema mtamba ni wako." Mzee akainuka, akaenda akasimama penye lango la boma, akiwa ametugeuzia mgongo. Hatukumfuata. Juma lile lile aliondoka na kondoo dume mnene kwenda Malambo.

Nami nilirudi nikashika bomba la sindano. Kwa ng'ombe wa kwanza niliitazama sindano tu. Kwa wa kumi nilimtazama ng'ombe. Mtoto wetu alizaliwa mvua zilipoanza, wa kiume, na nilikuwepo kumpokea.

Ndugu zangu, msinielewe vibaya. Sisemi kwamba magonjwa yote hutoka mawazoni. Malaria haiulizi unafikiri nini, na nimewazika watu waliokuwa na imani kubwa kuliko yangu. Nendeni hospitali, mezeni dawa, waambieni madaktari yote, hata yale yanayowatia aibu. Mimi nilificha, na kuficha kuliniongezea miezi ya mateso. Lakini chungeni mnachokiamini juu ya miili yenu. Kichunguzeni kama mnavyochunguza maji kabla ya kumpa mtoto.

Namshukuru Mungu aliyeniruhusu niione njaa ya kweli kabla sijafa kwa habari. Namshukuru mke wangu, aliyeniuliza swali ambalo nilipaswa kujiuliza mwenyewe. Na ikiwa kati yenu yupo aliyeambiwa kwamba hatapona, naye ameanza kugawa funguo zake, aje nyumbani kwangu, mlango uko wazi. Nitamwuliza ni nani aliyemwambia na alijuaje. Kisha tutakwenda wote kwa daktari, na tukiwa njiani tutamwomba Bwana atuonyeshe kweli. Mtumainini yeye, kwa maana haogopi maswali yetu. Natembea polepole siku hizi, lakini nitamsindikiza mpaka tufike.