Mzee Wamae, Fundi wa Miale Isiyoonekana

Ijumaa hii, tarehe 28 Agosti, Mzee Dedan Wamae anatimiza miaka thelathini na mmoja katika maabara yetu hapa Nyeri, na anastaafu. Tunamshukuru Mungu aliyemfikisha.

Alikuja akiwa fundi wa hadubini za shule. Miaka tisa iliyopita ikaletwa leza ya terahezi, yaani ya miale isiyoonekana, ya kupima unyevu wa kahawa bila kufungua mfuko, na ni yeye aliyekereza lenzi zake kwa plastiki nyeupe. Miale hiyo huioni kwa macho. Ukitaka ikusanyike mahali padogo kama punje moja, unasogeza lenzi kidogo, unasoma kipimo, unasogeza tena. Mzee alisogeza kiasi cha unywele, pumzi ameibana kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Sisi wa jikoni tulipita kwa kunyata.

Lakini mimi namkumbuka zaidi siku ile walipokuja wakulima wa Gakindu kuamua kama watatuletea kahawa yao. Ilikuwa Julai, na baridi yetu mnaijua. Mzee akaniagiza nilete birika la chai mle mle chumba cha mashine, maana mgeni haachwi na baridi. Mara kipimo cha miale kikashuka. Mbele ya watu wote akamlaumu Nyawira, mhandisi wetu kijana, kwamba amegusa lenzi.

“Sijaigusa, Mzee,” binti alisema, machozi yakimlengalenga. Meneja alikuwa tayari amemwambia atoke nje, na kazi yake ilikuwa karibu kupotea.

Mzee akasogeza lenzi huku na huku, wapi! Ndipo akaona mvuke ukipanda kwenye vikombe. Maji huinywa miale hiyo, hata yakiwa mvuke. Yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha.

Angeweza kuniambia niondoe birika, yakaisha. Badala yake alivua kofia, akasema kosa ni lake, akamwita Nyawira arudi, akamwomba msamaha. Mzee wa kanisa, mbele ya binti wa miaka ishirini na sita.

“Basi chai tuinywee nje,” mkulima mmoja akasema, “lakini ati tuiache? Hapana!” Kahawa yao tunaipima hadi leo.

Tangu hapo alimfundisha Nyawira kila alichojua. Jumatatu iliyopita lenzi mpya ilipofungwa, Mzee aliketi pembeni, mikono ameikalia, isije ikamponyoka. Nyawira akasogeza, akasoma, akasogeza. Kipimo kilipopanda, Mzee aliinuka, akamkabidhi ufunguo wa chumba.

Asante, Baba Wamae. Nenda salama nyumbani Giakanja kwa Mama Wangui. Mungu akupe miaka mingi, yenye afya na amani.

Gaudencia, jikoni