Bakubwa Bangu Batatu

Ndugu na dada wa shirika, mama mwenye nyumba hii ameniambia nisimame nishuhudie, na mimi siwezi kumukatalia. Mutaelewa sababu. Sitataja mutu. Mutasikia Paluku, mutasikia Kambale, mais kwetu ukiita Paluku mu soko, nusu ya banaume banageuka. Donc kila mutu akae na amani yake.

Nilizaliwa Butembo. Mama yangu ni munande, kabila ya huku kwetu. Baba yangu alikuwa soda, askari wa serikali, mwenye alitumwa kutoka province ya mbali. Akanizaa, bakamuhamisha, hata barua moja haikukuya. Mama akanipeleka kwa baba yake anipe jina ya mutoto wa kwanza, vile desturi inaomba. Babu akakataa. Alisema jina inatoka kwa baba, mutoto ya soda aende kuuliza soda. Nikabakia na jina ya kule mbali, yenye hata mama hajui maana yake. Nyuma mama akaolewa, akazaa mutoto mwanaume. Huyo njo alipewa Paluku, jina ya wa kwanza. Ndugu zangu, hesabu gani hii? Mi nilimubeba ku mugongo, na yeye njo wa kwanza.

Mu mwaka wa tano primaire, mwalimu alitufundisha historia ya kwetu. Lilikuwa somo nzuri, hata leo nalipenda. Alisema kila jina iko na kiti yake mu nyumba: Paluku wa kwanza, Kambale wa pili, Kasereka wa tatu, Kakule wa ine. Kila mutoto alisimama, akataja jina na kiti yake, benzake bakapiga mikono. Mi nilikuwa nimeisha kufunga vifungo vyote vya shati, nangojea. Zamu ikafika, nikasimama.

"Wewe kaa," mwalimu akasema. "Hii haikuangalii."

Hakusema na hasira, na ile njo inaniuma mupaka leo. Alisema tu, akapita kwa mwengine. Mu récréation nilikuwa tayari na jina mupya: Zéro. Zéro, leta mupira. Zéro amefunga goli, basi goli ni zéro. Nilicheka pamoja nabo, juu mimi ni mutu wa kucheka. Mais mwaka ilipoisha sikurudi ku masomo. Nilikuwa naota kuwa mwalimu, na nikajiuliza ni mwalimu gani ataitwa Zéro.

Nikiwa na miaka kumi na saba nikakuya hapa Beni, nikapata kazi ya kubeba magunia ya kakao mu mutaa wa Beu. Siku ya kwanza bakaniuliza jina. Nikasema Kakule. Kulikuwa golikipa mumoja wa kwetu mwenye kuitwa vile, nilimupenda sana. Muangalie ujinga yangu: wa ine! Sikuwaza kama wa ine anahitaji batatu mbele yake.

Munajua vile batu balikuwa banauawa na baasi mu mashamba, na vile vijana ba quartier balifunga kamba mu barabara kuchunga bageni. Siku moja, saa sita ya muchana, nikapita na gunia. Mumoja akauliza jina. Kakule. Akasema ni vizuri, nitaje basi bakubwa bangu, na kwenye bako. Nikasema Paluku iko Butembo. Na Kambale? Nikasema Kambale anasoma. Anasoma wapi? Nikataja mahali pawili kwa mara moja. Na Kasereka? Pale nikashika gunia vizuri, nikataka kupita.

Balisema mwongo ni adui. Gunia ikaanguka, kakao ikamwangika, bakafunga mikono yangu ku mugongo. Mumoja alikuwa ameshika jiwe. Niliwaza mama yangu tu, nani atamwambia.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa mama mwenye kuuzisha sombe, majani ya mihogo ya kutwanga. Hakunijua, nilikuwa namusalimia tu asubui nikipita. Akaacha sombe yake, akakuya na mikono yote kijani.

"Bakubwa bake muniulize mimi," akasema. "Paluku, Kambale, Kasereka. Bote batatu nilibazika siku moja, na ninyi njo mulichimba makaburi. Huyu ni wa ine wangu. Mumufungue."

Ule wa jiwe akaiweka chini pole pole, akapiga magoti, akaanza kuokota kakao.

Nilimufuata mama mupaka kwake, nikamwambia yote: soda, babu, Zéro. Niliogopa atanifukuza, juu siku ile banake baliuawa, basoda habakufika kusaidia. Akanisogezea bugali.

"Nani amekuuliza baba?"

Akanirudisha ku masomo. Nikakaa na batoto ba miaka kumi na moja, magoti yangu inagusa meza, na pa mahali pa muzazi akaandika jina yake. Sasa niko mwaka wa tatu pédagogique, masomo ya kuwa mwalimu.

Mais nawaambia bila kuficha, niko na hasira. Hapana juu ya desturi. Desturi yenye kumupa mutoto kiti ni nzuri. Nakasirikia benye kuigeuza fimbo. Bale vijana ba kamba balijua somo ya majina kuliko mimi. Balilifundishwa sawa sawa, mu darasa sawa na ile yangu, na lile somo lilitaka kuniua. Na ilifaa mama azike batatu ili mimi nipate pa kukaa? Kama bakubwa bangu bangekuwa bazima, mimi ningekuwa udongo. Musiniambie hii ni bahati.

Mama mwenye nyumba, wasingya kutsibu, ni kusema aksanti sana. Na ule wa jiwe, namuona hapa, asiinamishe kichwa: yeye njo ananisaidia hesabu. Wasingya, ndugu.

Namalizia. Kuko bamama babili, babibi ba basoda, bamesimama kule ku mulango tangu tulianza rozari, na batoto ku mugongo. Hapa mbele kuko viti vitatu venye havina mutu. Nimevihesabu wakati munaomba, Mungu anisamehe. Bamama, mukuye mukae. Kiti ya tatu ni ya mutoto mwenye kulala, mumulaze hapo. Mi nitakaa chini.