Kiatu cha Kuramoto

Mchungaji Muriuki, wazee wa kanisa, mama zetu, wageni mliotoka miji jirani ya Champlin na Columbia Heights, na nyinyi wakimbiaji mnaotetemeka kwa baridi, hamjambo?

Mimi ni Eliakim. Nafua nguo katika nyumba ya wazee hapa ugenini, mwaka wa kumi na tisa sasa. Shule niliishia darasa la sita, kwa hiyo nitasema wazi. Mbio hizi tulizipa jina la Kuramoto. Sasa kamati inataka jina litoke. Jana Mzee Kamau aliniuliza, "Huyo Mjapani wako ni wa ukoo gani hapa?" Watu wakacheka, nami nikacheka. Leo najibu.

Nilifua kiatu chake kwa makosa. Kiatu cha kitambaa, kidole gumba kimetengwa peke yake. Kilikuwa ndani ya foronya ya Bi Fumiko, mmoja wa wazee ninaowafulia, nikadhani ni tambara. Kikatoka kimesinyaa. Nilipokwenda kuomba radhi, bibi huyo wa miaka tisini alikishika akasema, "Umemwogesha baba." Ndipo akanisimulia.

Kuramoto, baba yake, alikuwa mkimbiaji wa marathoni huko Japani. Akipita, mji mzima unatoka kumshangilia. Vita vikaja, mashindano yakafutwa. Jeshi lilimkataa kwa jicho bovu, likampa kazi ya kupelekea familia barua za vifo vya askari wao. Miguu ile ile iliyoshangiliwa, sasa kina mama wakiisikia wanafunga milango! Ni nani kati yetu angeendelea kuipenda miguu yake? Basi siku isiyo na barua, alikimbia njia ile ile mikono mitupu. Mkuu wa mtaa akamfokea, "Unapoteza nguvu za taifa!" Akamjibu, "Leo sina barua. Waache wasikie miguu isiyo na msiba." Wakamnyima mgao wa mchele. Kesho yake akakimbia tena.

Dada Emérance, wewe uliyetoka Kivu, uliniambia kwamba hata hapa, ukisikia watu wanakimbia, unafunga mlango na kuhesabu watoto. Mzee Kamau, bado unaniuliza ukoo?

Jina haliondoki. Mkilifuta kwenye bango, nitalivaa mgongoni. Goti langu limechoka, nitamaliza wa mwisho, lakini nitamaliza, na kiatu hiki alichoniazima Bi Fumiko mkononi. Njia inapita mbele ya nyumba yako, Emérance. Ukitusikia, usifunge. Hatuna barua.

Asanteni kwa kunivumilia. Mchungaji, piga filimbi.