Roketi Iliyomwagiwa Ndoo

Tangu kituo cha kwanza bibi alikuwa amepakata roketi ya plastiki. Aliifunika kwa mtandio, lakini ncha ilichomoza, na fundi redio aliyekaa naye basini akashindwa kujizuia.

"Mama, leo tunakwenda mwezini?"

"Mwezini wapi, mwanangu! Tunakwenda kwa mafundi. Hiki ni chombo cha mkwe wangu, kinatoa mvuke wa kulainisha hewa chumbani. Mjukuu wangu kakiangusha, kimekufa. Leo kanyimwa kutoka kucheza."

Fundi akakipokea, akakipindua. Maji yaliyojaa upande wa nyaya yakamtiririkia kwenye viatu alivyovipiga rangi asubuhi ileile.

"Hakina hata mkwaruzo, mama. Hiki kimemwagiwa ndoo nzima."

Bibi akageukia dirishani, masikio yanamuwaka.

"Labda kuna mtu alidhani kinaungua," fundi akasema taratibu. "Si kosa. Hata roketi za kweli, zile zinazochoma haidrojeni, zinachotoa mkiani karibu chote ni mvuke wa maji."

"Maji tu? Na kishindo chote kile?"

"Maji tu."

Bibi akamgeukia. "Kitendawili."

"Tega."

"Kazima maji kwa maji, kisha kamsingizia mtoto wa miaka sita."

Jibu fundi alikuwa nalo. "Nimeshindwa, mama. Nikupe mji gani?"

"Mji siutaki. Nipe roketi yangu."

Kufika kwa mafundi vilibaki vituo viwili. Basi liliposimama bibi akashuka, mtandio begani, roketi wazi mkononi, akavuka barabara kungoja basi la kurudi nyumbani.